Mji Niliomnyima Baba

Arobaini ya mama ilipokwisha na wageni wakarudi makwao, tulibaki wawili tu na sanduku lake la bati, mimi na ndugu yangu mdogo Yusufu. Juu kulikuwa na leso zake, chini ya leso kulikuwa na gomesi moja, gauni la Kiganda, aliyoivaa kwenye harusi ya Yusufu na kuilalamikia siku nzima, na chini kabisa kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Yusufu alikitoa kwa mikono miwili. "Dada, mama alikuwa anaficha mawe?" akauliza. Nilifungua fundo. Ilikuwa pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo cha chuma kwenye kifungo chake, imeliwa na kutu, na matundu yake ya kupitishia hewa yamezibwa na udongo mwekundu.

Yusufu alicheka, akasema mama alikuwa hatupi kitu. Mimi sikucheka. Nilijua udongo ule umetoka wapi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeifukia pasi ile nilipokuwa na miaka tisa, na tangu siku ile hadi jioni hii niliamini hakuna binadamu mwingine anayejua. Niliinusa. Ilinuka kutu na majivu ya kale. Halafu, sijui kutoka wapi, ikaja harufu ya wanga wa muhogo unaokutana na chuma cha moto, na nikamwona baba amesimama mlangoni na fulana yake, anangoja shati.

Ninyi mliokuwa watoto Kampala miaka ile ya utawala wa wanajeshi mnakumbuka foleni za sukari, na redio zilizopiga muziki wa bendi siku ambazo hatukujua kuna nini. Hayo sitawasimulia. Nataka kusimulia habari ya pasi, na daftari la miraba, na kitendawili ambacho baba aliniachia.

Tulikaa kambi ya polisi, katika nyumba ndogo zilizoungana ukuta kwa ukuta, hivi kwamba ukikaanga kitunguu jirani wa tatu alijua una mafuta. Baba alikuwa Mkatoliki wa kaskazini. Mama alikuwa Mwislamu, Mnubi wa Bombo. Sisi watoto tulisherehekea Krismasi na Idi zote mbili na hatukuona sababu ya mtu kuchagua. Kwa kuwa baba hakujua Kinubi na mama hakujua lugha ya kina baba, nyumbani tulisema Kiswahili, kile cha kambini, kisichojali sana sarufi lakini kikijua kuagiza, kugombeza na kubembeleza. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko mjini watu walikiogopa, wakisema ni lugha ya mtu mwenye bunduki. Kwetu kilikuwa lugha ya uji.

Baba alikuwa askari wa trafiki. Zamu yake ilikuwa kwenye mzunguko wa barabara, upande wa kwenda Nateete, na alikuwa na wazimu mmoja uliofanya wenzake wamcheke: alipenda kuhesabu. Hakuna aliyemtuma. Nyuma ya nyumba yetu aliweka kopo la samli lililo wazi, akalichora mistari kwa msumari ndani yake, na kila asubuhi aliangalia mvua ya jana imefika mstari wa ngapi. Jioni aliporudi aliandika magari mangapi yamegongana. Kisha alichukua daftari la hesabu lenye miraba, akaniita. Aliniita mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yake mzazi.

"Mama, kuja hapa. Tazama. Huku chini ni mvua. Huku kando ni ajali. Siku moja, nukta moja. Jana mvua ilifika mustari ya tano, ajali ilikuwa tatu. Nukta naingia wapi?"

Niliweka kidole changu kwenye tano, nikakipandisha hadi tatu. Akanipa kalamu nitie nukta mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha nukta zilikuwa zimejipanga kama siafu wanaopanda kilima, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu. Si wote walioshika njia. Wengine walikuwa pembeni, siku ambayo mvua ilikuwa kidogo na bado basi likagonga mkokoteni. Lakini kilima kilionekana hata kwa mtoto.

"Unaona?" baba alisema. "Hii vitu mbili natembea pamoja. Moja ikipanda, ingine inapanda."

Siwezi kuwaeleza raha niliyoipata. Nilikuwa mtoto wa kambi, mambo yote yalinijia kutoka juu bila maelezo: leo hakuna shule, kesho msipite barabara ile, nyamazeni. Na hapa palikuwa na daftari la senti kidogo linalokuonyesha jinsi mambo yanavyoshikana. Niliona nimepewa macho mengine.

Jumapili moja baba alifungua ukurasa mpya. Wiki kadhaa alikuwa amehesabu kitu kingine pale kazini: watu wanaopita na miavuli. Miavuli aliiweka chini, ajali akaziweka kando, na nukta zikapanda kilima kile kile. Alinitazama, akaweka kalamu sikioni.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Siku ambayo mwavuli ni mingi, ajali ni mingi. Sasa mukubwa wa polisi anatoa amri: hakuna mutu kubeba mwavuli. Ajali itakwisha?"

Kambini watoto wa Kiganda walitega vitendawili kwa kusema "koyi koyi," sisi wengine tulisema "kitendawili," lakini sheria ilikuwa moja: ukishindwa, unatoa mji. Aliyetega anaupokea mji wako, anakwenda kuutembelea kwa maneno, anakula vya huko na kusalimiwa na watu wa huko, kisha anarudi na kukupa jibu. Baba alikuwa bingwa wa safari hizo. Nilikwisha kumpa Nateete, akaenda akala matoke na njugu hadi mkanda ukakatika. Nilikwisha kumpa Kisenyi, akaenda akanyweshwa chai ya maziwa ya ngamia na Msomali mmoja, akarudi anatembea kwa madaha. Mama alikuwa akicheka hadi anashika ukuta.

Siku ile nilizitazama nukta tena. Kitu fulani kwenye swali kilinikera, kwa sababu nukta zilisema ndiyo na akili ilisema hapana.

"Toa mji," baba alisema.

"Sitoi. Nitajua mwenyewe."

"Haya. Mama yangu ni bahili," alisema, akafunga daftari. "Mimi nangoja."

Ninaomba mnielewe nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mbishi. Mama alisema ubishi wangu ungetosha kuchota maji bila ndoo.

Wakati huo ndipo safari zilipoanza. Askari wa trafiki walianza kuchukuliwa kusindikiza misafara ya wakubwa huko mikoani. Mara baba alilala nje usiku mmoja, mara usiku nne. Na katika mstari wetu nyumba zilikuwa zinafungwa. Baba wa nyumba ya nne alikwenda safari, na baada ya majuma machache mkewe alifunga vyombo, yeye na watoto wakaondoka bila kuaga. Tulipouliza tuliambiwa amehamishwa. Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Niliogopa tu kwamba baba yangu naye atahamishwa bila sisi. Nilitaka alale nyumbani, hilo tu. Kila jioni nilisikiliza viatu vyake kwenye changarawe, na nilipovisikia ndipo nilipoweza kula.

Mtoto mwenye macho mapya hakosi pa kuyatumia. Nilichukua daftari langu la miraba. Nilikuwa nimeona kwamba kabla ya kila safari mama anapiga pasi. Anachemsha wanga wa muhogo, anachovya mashati na kaptula za kaki, anaanika, halafu anachota makaa kwenye sigiri na kuyajaza kwenye pasi, anaipepea huku na huku mlangoni hadi cheche ziruke. Siku nyingine pasi ilijazwa mkaa mara moja. Siku nyingine mara mbili, mara tatu. Basi chini nikaandika mkaa, mara ngapi umejazwa. Kando nikaandika usiku ambao baba hakulala nyumbani. Mkaa mara moja, usiku mmoja. Mkaa mara mbili, usiku mbili, au tatu. Mkaa mara tatu, usiku nne. Na safari moja ya kutisha, usiku tano. Nukta zilipanda kilima vizuri kuliko hata za mvua.

Nilikuwa nimegundua kinachompeleka baba. Nilimtazama mama akipepea pasi mlangoni, anaimba kidogo, na nikamwona mtu anayemfukuza mumewe bila kujua. Nilitaka kumwambia, lakini ningemwambiaje mama yangu kwamba ni yeye?

Jumamosi moja mchana baba alirudi mapema, na karatasi mfukoni. Alizungumza na mama kwa sauti ya chini jikoni. Kisha mama akachukua sufuria ya wanga. Alichovya mashati matatu, kaptula tatu. Nilizihesabu kwenye kamba. Hiyo ilikuwa mkaa mara tatu, labda nne.

Mama alipokwenda bombani nilichukua pasi. Ilikuwa nzito, niliibeba kwa kuikumbatia. Nyuma ya nyumba, karibu na kopo la mvua, mama alikuwa na tuta la dodo, yaani mchicha, mboga yetu ya kila siku. Nilichimba kwa kijiko mwishoni mwa tuta, nikaifukia, nikaweka mchicha juu yake kama vile umeota hapo. Nikanawa mikono, nikafungua daftari na kuandaa mahali pa nukta mpya: mkaa sufuri. Kilima kilivyokuwa kinashuka, mkaa sufuri ulikuwa usiku sufuri. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa nao tena katika maisha.

"Pasi yangu iko wapi?" mama aliuliza jioni. Aliuliza tena kwa sauti. Alipekua chini ya kitanda, akapekua kwenye gunia la mkaa. "Nyinyi watoto, nani alichukua pasi?"

"Mimi sijaona," nilisema.

Alikwenda kwa jirani yetu wa ukuta, mke wa konstebo, Mganda aliyezaa mapacha na kwa hiyo kila mtu alimwita Nalongo.

"Bambi, pole mama," Nalongo alisema, "pasi yangu ilienda Kyebando kwa mudogo yangu. Nareta kesho, mapema sana. Usirie, jirani, kesho saa mbiri utakuwa nayo."

Gari lilikuwa lije Jumapili jioni, kwa hiyo mama alitulia. Lakini lori lilikuja saa moja asubuhi, Nalongo hajaenda popote. Lilipiga honi nje ya lango mara tatu. Mama alisimama katikati ya nyumba na shati mkononi. Mliowahi kutia nguo wanga mnajua: nguo ya wanga isiyopigwa pasi ni mbaya kuliko nguo chafu. Imekauka na mikunjo yake yote, inasimama yenyewe. Baba aliivaa. Ilitoa sauti ya kupasuka kila alipoinua mkono. Mama alijaribu kuinyoosha kwa viganja, akitema maji kidogo na kusugua, huku machozi yanamtoka kwa aibu.

"Utaenda hivi? Watu watasema huna mke."

"Wacha," baba alisema. "Leo mimi iko kama boksi ya sabuni." Akatembea hatua mbili kama mtu aliyetengenezwa kwa mbao, ili tucheke. Yusufu alicheka. Mimi nilikuwa nimekasirika. Kwa nini bado anakwenda? Mkaa ni sufuri!

Mlangoni aliinama kwangu. "Mama, kitendawili yangu iko bado?"

"Bado."

"Toa mji, nakupa jibu saa hii. Haraka haraka."

Nilimtazama, na kwa ile hasira nikasema, "Sitoi."

"Basi unitunzie. Nikirudi, lazima utatoa."

Tulimfuata hadi langoni. Juu ya lori alikuwapo mwanajeshi mmoja mwenye miwani. Alimtazama baba kutoka juu hadi chini. "Hii ni nini?" alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Wewe ni polisi ama ni muzigo?" Wenzake wakacheka. Baba alipanda nyuma, akakaa, akanyoosha kola yake kwa vidole viwili. Hilo ndilo tendo lake la mwisho nililoliona.

Usiku huo nilikaa na daftari. Mkaa sufuri, usiku mmoja. Nilitia nukta. Ilikuwa imekosea, lakini hata siafu wengine hawashiki njia. Kesho yake nikafuta, nikaitia juu yake: mkaa sufuri, usiku mbili. Kisha tatu. Nilifuta hadi karatasi ikatoboka, nikaacha kufuta, nikawa naongeza tu nukta mpya juu ya nyingine, ukingoni mwa ukurasa. Tano, sita, kumi. Kilima cha zamani kilibaki pale katikati, na ukingoni kulikuwa na nukta zilizopanda wima moja kwa moja, hadi miraba ikaisha na karatasi ikaisha.

Mama alikwenda ofisi moja hadi nyingine. Aliambiwa arudi kesho, kisha akaambiwa hakuna safari kama hiyo iliyoandikwa, kisha akaambiwa asirudi. Majirani waliacha kuja kuomba chumvi. Nalongo peke yake aliendelea kugonga ukuta asubuhi na kuuliza tumeamkaje. Kisha tulipewa siku tatu za kuacha nyumba, tukahamia chumba kimoja Kyebando, nyuma ya duka la mtu. Watu walituambia baba amehamishwa. Neno lile lile.

Sasa nilijua kosa langu, au nilidhani nimejua. Si kwamba pasi ndiyo iliyompeleka. Lilikuwa jambo baya zaidi: ile mikunjo. Mwanajeshi mwenye miwani aliiona, akachukia, na mtu aliyechukiwa na watu wale alijulikana anavyoishia. Nilikuwa nimemvika baba yangu kosa lake mwilini nikampakia kwenye lori. Miaka yote ya shule nililala na jambo hilo. Nilikuwa mtoto mzuri kupita kiasi. Nilifua, nilichota maji, sikubisha tena. Mama alishangaa ubishi wangu umekwenda wapi.

Niliposomea ualimu chuoni, utawala ule ulikuwa umeshaanguka, na wale ambao wangerudi walikuwa wamekwisha kurudi. Asubuhi moja mwalimu wetu wa takwimu, mtu mwembamba aliyefuta ubao kwa mkono wa koti, alichora mistari miwili na kutia nukta zinazopanda. Nilizitambua kabla hajasema neno. Akaandika kwa Kiingereza neno refu la jambo hilo, la vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja. Kisha akageuka.

"Nukta hizi zinaweza kusema hadithi tatu," alisema. "Kwamba cha kwanza kinaleta cha pili. Kwamba cha pili kinaleta cha kwanza. Au kwamba kuna kitu cha tatu, ambacho hamkukichora, kinachovivuta vyote viwili. Nukta zenyewe haziwaambii ni ipi. Ukitaka kujua, toka kwenye karatasi, nenda ukatazame dunia."

Nilisikia mvua. Haikuwa inanyesha, lakini niliisikia ikigonga kopo la samli nyuma ya nyumba yetu. Mvua! Mvua ndiyo inayofungua miavuli, na mvua ndiyo inayotelezesha magari. Kataza miavuli yote ya Kampala, watu watalowa tu na magari yatagongana vile vile. Na pasi ilikuwa mwavuli wangu. Kulikuwa na karatasi mfukoni mwa baba iliyosema usiku ngapi, na ndiyo iliyomfanya mama ajaze mkaa, na ndiyo iliyompeleka baba. Nilikuwa nimefukia mwavuli ili mvua isinyeshe.

Niliomba ruhusa nikatoka. Pale kwenye bomba la chuo nilihesabu, kwa namna aliyonifundisha baba, ila mara hii nikatazama dunia. Baba wa nyumba ya nne: mtu wa kaskazini, sare yake imenyooka, hakurudi. Sajini wa mstari wa pili: wa kaskazini, hakurudi. Konstebo Opio, aliyekuwa anapiga pasi hadi kamba za viatu, kola yake ungeweza kukatia mkate: wa kaskazini, hakurudi. Mume wa Nalongo alikuwa Mganda, hakujua pasi ni nini, alivaa sare kama gunia, na aliishi hadi akastaafu. Mikunjo haikuwa na neno lolote hapa. Walikuwa wanachukua majina ya upande mmoja, na jina la baba lilikuwa la upande huo tangu alipozaliwa.

Nililia sana pale bombani. Mtadhani nilifurahi kuachiliwa. Nilifurahi kidogo, siku mbili tatu. Kisha nikaona nilichopoteza. Hatia ile ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa kamba baina yangu na baba. Maadamu mimi ndiye niliyemwondoa, basi ningeweza kumbakiza. Kulikuwa na asubuhi moja, mahali fulani, ambayo pasi iko kwenye gunia la mkaa na baba anarudi. Sasa asubuhi hiyo ikafutika. Hakukuwa na kitu ambacho mtoto wa miaka tisa angeweza kufanya. Nilimkosa baba upya, na safari hii kabisa.

Likizo ile nilikwenda Kyebando na nia ya kuungama. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa mkekani nikamsaidia.

"Mama, ile pasi yetu ya kambini..."

Hakuinua kichwa. "Pasi gani? Sisi hatukuwa na pasi."

"Mama, ile ya jogoo."

"Wewe unasoma sana, unachanganya mambo," alisema. Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. "Chambua. Na kula, umekonda."

Nilidhani amesahau. Nilidhani majonzi yamemfutia hata vyombo vya nyumba. Na kwa zaidi ya miaka thelathini nikawa mwalimu ninayechora mistari miwili na kutia nukta, nikiwauliza wanafunzi wangu habari ya miavuli, na wote wanacheka, na wachache wananyamaza kidogo, na hao wanaonyamaza ndio ninaowapenda.

Sasa Yusufu ameniachia pasi mapajani, amekwenda kuchemsha chai. Ninaukwangua udongo kwa ukucha. Tuta lile la dodo mama alilivuna kila siku. Pengine alifika mwishoni mwake ndani ya juma lile lile, akavuta mchicha uliokuwa umekauka bila sababu, akaona jogoo. Alijua. Alijua wakati anazunguka maofisini, alijua tulipofunga vyombo, akaifunga kwenye kitenge akaibeba hadi Kyebando bila kuifuta, na hakupiga nayo pasi hata siku moja, maana ningeiona. Alinitazama nikigeuka kuwa mtoto mzuri kupita kiasi na hakunitamkia neno. Nilipotaka kusema, alininyima nafasi. Sisi hatukuwa na pasi, mwanangu. Chambua. Kula. Ninamkosa mama leo kwa namna ambayo sikumkosa hata siku ya maziko.

Na baba ninamkosa kama siku zote. Jibu la kitendawili chake ninalo. Nimelifundisha miaka yote hii na nimelipwa mshahara kwa ajili yake. Lakini sheria ya mchezo ni kwamba aliyepewa mji huenda, hula, husalimiwa, kisha hurudi na kusema jibu kwa mdomo wake. Mara zote nilizompa mji alirudi. Mara moja nilimnyima. Najua, najua, hizo nazo ni nukta tu, nami ningemkata mwanafunzi maksi kwa kuwaza hivyo.

Hata hivyo jioni hii, na pasi mapajani, ninasema kwa sauti, na Yusufu jikoni akidhani nazungumza naye: Baba, nimeshindwa. Sijui jibu. Nakupa mji. Nakupa Kampala yote, na Nateete yake na Kisenyi yake, na mzunguko wako wa barabara siku ya mvua, watu wote wamefungua miavuli. Nenda ukale, ukasalimiwe. Halafu rudi uniambie.